Somo: Doa kwenye dari la nyumba unayotaka kununua

Wakuu, naliandika hili mara moja ili nisilirudie. Masika ikishika tu naletewa picha ya doa la kahawia kwenye jipsamu, chini yake swali lile lile: "Ninunue au nikimbie?" Picha ya doa haijibu hilo. Maji yakishapenya bati hutambaa juu ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), hushika kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), hufuata mbao hadi yakute kiungo au msumari, ndipo hudondoka. Kati ya tundu na doa panaweza kuwa na mita tatu. Nazungumzia nyumba za bati, pamoja na hizi za siku hizi zenye paa la kuficha nyuma ya ukuta.

Hatua ya 1. Nenda siku mvua imenyesha au kesho yake. Mwezi Agosti kila paa la Dar ni zima.

Hatua ya 2. Beba tochi, ngazi, penseli, bisibisi bapa, mpira wa maji na mtu wa pili.

Hatua ya 3. Dari kwa ndani. Chumba kimoja kina rangi mpya ya dari na vingine vyote vimechujuka? Simama hapo. Shika tochi ubavuni mwanga uteleze sambamba na dari: jipsamu iliyowahi kulowa huonyesha tumbo na vichwa vya skrubu vyenye kutu, hata ikipigwa mikono miwili ya rangi. Ukiona doa, lizungushie penseli na uandike tarehe (omba ruhusa, dari si lako bado). Mvua nyingine ikipita na doa likavuka mstari, bado panavuja.

Hatua ya 4. Panda darini. Ukiambiwa hakuna pa kupandia, omba wafungue kipande cha jipsamu stoo. Mchana, zima tochi kwanza uache macho yazoee giza: kila nukta ya nuru ni tundu. Kisha washa. Mbao yenye michirizi myeusi ichome bisibisi. Ncha ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao imeoza, na gharama yako si ya kuziba tena, ni ya kubadilisha kenchi. Mwenye kipima unyevu: mbao ikizidi asilimia 20 iko kwenye hatari ya kuoza.

Hatua ya 5. Juu ya paa. Kanyaga penye mstari wa misumari tu, ndipo papi ilipo. Tazama misumari iliyopigwa bondeni badala ya mgongoni mwa bati, mipira ya skrubu iliyopasuka, na mabati yaliyopandiana chini ya sm 15 (mteremko ukiwa mdogo, yataka 20 au zaidi). Kwenye paa la kuficha, muda wako umalizie pale bati linapokutana na ukuta. Bati la kuziba mshono huo lichomekwe ndani ya ukuta uliochimbwa kwa grenda kama sm 2. Likiwa limegandishwa juu ya plasta kwa silikoni, hesabu kwamba litaachia. Gata la ndani nalo liwe na tundu la dharura ukutani, chini kidogo ya ukingo wa gata. Bila hilo, majani ya mwembe yakiziba bomba la kushushia, maji yote yanageukia sebuleni.

Hatua ya 6. Jaribio la maji. Hii niliwahi kuiharibu, isomeni mara mbili. Kosa ni kuanzia juu kwenye kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Maji yanashuka yakipita kila mshono, dari linadondosha, na hujui ni mshono upi. Hapo huna la kufanya ila kusubiri mbao zikauke, pengine siku mbili, uanze upya.

Anza chini kabisa, penye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa chini wa paa. Mtu wa pili akae darini na tochi. Mwagia kipande cha kama mita moja kwa dakika 10 hadi 15 bila kuhama, kisha panda kidogo. Fuata mpangilio huu: ukingo wa chini, maungio ya mabati, kona ya ndani ambako mapaa mawili yanakutana, mshono wa ukuta, mwisho kabisa kofia. Wa darini akipiga kelele, funga maji hapo hapo, tia alama juu na chini.

Tahadhari: maji yamwagike kama mvua, kuelekea chini. Ukiyapuliza kwa nguvu kuelekea juu, hata paa lisilo na kasoro litavuja na utamlaumu muuzaji bure. Zima umeme kwenye mein swichi kabla ya kuanza, taa za dari na maji havipatani. Na usifanye siku ya mvua, maana utakuwa unapima nini?

Hatua ya 7. Hakikisha ni paa. Doa linalokua hata kiangazi, tafuta bomba au tangi la darini. Matone yaliyotapakaa chini ya bati lote alfajiri, hasa Mbeya, Njombe au Lushoto, ni jasho: hewa yenye joto kutoka ndani imegusa bati la baridi. Hapo weka matundu ya hewa darini, usipake kitu.

Hatua ya 8. Fundi wako mwenyewe, asiye wa dalali, akupe gharama kwa maandishi. Zikatwe kwenye bei kabla hujasaini.

MASWALI YA WADAU

Mnunuzi wa Goba: Mkuu, doa langu liko katikati ya sebule. Tundu litakuwa wapi?

Jibu: Aya ya kwanza, kisha hatua ya 6.

Mnunuzi wa Goba: Niko bize kidogo, nikutumie picha?

Jibu: Hapana.

Binti Tanga: Kaka, hapo kwenye silikoni, kwa nini itaachia? Dukani imeandikwa inafaa kila mahali.

Jibu: Swali zuri dada. Bati la chuma la mita 6 likipanda joto nyuzi 50 hurefuka kama milimita tatu na nusu, usiku linarudi. Ukuta haufuati mwendo huo, basi silikoni inavutwa kila siku mpaka ichoke. La pili, zile zinazonuka siki zina asidi inayokula zinki ya bati, kutu inaanzia chini ya silikoni, mahali pasipoonekana. Chukua isiyo na harufu hiyo, sugua kutu, kausha, ndipo upake. Nayo iwe msaidizi tu, kazi ya kuzuia maji iachie bati lililochomekwa.

Mzee wa Kibada: Fundi wangu ana miaka 20 kazini, anasema piga lami juu ya misumari yote, kwisha. Naona unatisha watu.

Jibu: Simtishi mtu. Lami ikipigwa jua hukakamaa na kupasuka, maji yanaingia ufani na hayatoki, msumari unaoza ukiwa umefunikwa. Muulize kwa nini asing'oe msumari aweke skrubu nene zaidi yenye mpira. Ni kazi ndefu, najua.

Mama Wawili: Ukuta wangu una chumvi nyeupe, futi mbili kutoka sakafuni. Nayo ni paa?

Jibu: Huko chini, kwa kawaida ni maji ya ardhini. Bandika nailoni ya sm 30 kwa 30, uizibe kingo zote kwa utepe, uiache siku mbili. Ukikuta umande upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, ni hewa ya humo ndani, fungua madirisha. Chumvi ikiwa juu karibu na dari, kagua kichwa cha ukuta unaoficha paa: plasta ya pale ikipasuka, ukuta wote hunywa maji.

Mgeni: Yangu ya zamani, bati lake nene, kijivu kama saruji, lina nyufa. Nipige skrubu?

Jibu: Simama! Hiyo huenda ni asbesto. Usitoboe, usikate, usisugue, wala usiioshe kwa mashine, vumbi lake huleta saratani. Na usipande juu, hukatika ghafla. Gharama ya kuiondoa kwa utaratibu iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Binti Tanga: Tukishaziba, maji ya gata tunaweza kuvuna?

Jibu: Vuna. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 2,000, ukitoa yanayopotea. Maji ya kwanza yaache yaende, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Ila paa likipakwa ile lami ya mzee hapo juu, mwagilia bustani.