Kabla ya kurudi kwa daktari wa stenti

Miezi saba baada ya Baba Mkubwa kurudi Lubumbashi kutoka India na stenti mbili moyoni, yaani vibomba vidogo vya wavu wa chuma vinavyoshikilia mshipa ubaki wazi, alianza kusimama njiani. Kutoka sokoni Katuba hadi nyumbani ni mwendo aliokuwa akiumaliza huku anabishana mambo ya mpira. Sasa anasimama mara mbili, anainama eti afunge kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba. Ikabidi tujiandae kwa safari ya kurudi kwa daktari.

Stenti ikibana tena, mara nyingi huwa hivyo, polepole, miezi michache hadi mwaka baada ya kuwekwa. Puto la kuwekea stenti likipanuka huchubua ukuta wa mshipa. Mwili unatibu kidonda hicho kwa kuotesha kovu, na kovu likizidi hupenya matundu ya wavu wa stenti na kuijaza njia. Mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu au mwenye mshipa mwembamba yuko hatarini zaidi. Damu kuganda ndani ya stenti ni jambo jingine: huja ghafla, kifua kimebanwa, jasho baridi. Hilo halingoji viza. Kwa hiyo kabla ya paspoti, tafuta jirani mwenye gari anayepokea simu usiku, na ujue ni hospitali gani ya karibu inapima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, saa zote.

Kisha karatasi. Sisi tulizikuta chini ya godoro, pamoja na risiti za umeme. Inayotakiwa kuliko zote ni kadi ndogo ya stenti: aina, upana na urefu kwa milimita, tarehe, mshipa uliowekewa. CD ya picha za mshipa mjukuu alikuwa ameifanya gurudumu la gari la kuchezea. Nakili picha hizo kwenye flashi mapema, na kadi uipige picha kwa simu.

Usione ni urasimu. Mwaka 1977, daktari Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto kule Zurich, hakukuwa na chuma cha kubaki ndani. Leo daktari wa pili anakuta kazi ya mwenzake, na lazima ajue kwa nini imebana: je, stenti haikufunguka vizuri tangu siku ya kwanza, au ni kovu lililoota? Ya kwanza hutaka puto la shinikizo kubwa. Ya pili huenda ikataka puto lililopakwa dawa ya kuzuia kovu, au stenti mpya yenye dawa. Kama pale pameshawekwa tabaka mbili za chuma, swali la upasuaji wa kupandikiza mshipa liulizwe waziwazi. Uliza pia kama watapiga picha kutoka ndani ya mshipa, na gharama yake imo kwenye bei mliyopewa au la. Sisi hatukuuliza, bili ilituonyesha.

Dawa: aspirini na klopidogreli, za kuzuia damu kuganda, zisikatizwe kwa sababu ya safari wala ya kung'oa jino, mpaka daktari wa moyo aseme. Beba za siku za ziada, kwenye mkoba wa mkononi. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, aseme, apimwe kreatinini, kipimo cha figo, maana dawa inayoonyesha mishipa kwenye eksirei hupitia kwenye figo. Na wazee wetu, samahani, kidonge cha nguvu za kiume pamoja na kile cha maumivu ya kifua cha kuweka chini ya ulimi huangusha presha vibaya sana. Mwambieni daktari, hata kama mke yupo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwepo. Asiyechanjwa achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Dola zisiwe zimechanika.

Mwisho, aende naye mtu anayemwona akitembea. Daktari alimwuliza Baba Mkubwa kama anachoka. Akajibu hapana, hata kidogo. Ikabidi nieleze habari ya kamba za viatu.