Usifyatue Risasi Kundi Likiwa Bado Nje ya Mtego

Shamba likishafukuliwa usiku mmoja, kitu cha kwanza kinachomjia mkulima kichwani ni bunduki. Anajibanza ukingoni jioni inayofuata, kundi linatokeza, anafyatua. Wanaanguka wawili, waliobaki wanatimka, na kabla hakujapambazuka picha za wale wawili zimeshazunguka kwenye simu za majirani zote. Hongera zinamiminika. Mimi sitoi hongera, kwa sababu najua kitakachofuata: baada ya miezi minne mkulima huyohuyo atapiga simu kuuliza kwa nini nguruwe wamezidi ilhali kila wiki anaua.

Nasema juu ya nguruwe wavamizi, yaani wale wa kufugwa waliotoroka wakageuka mwitu, pamoja na nguruwe mwitu wa Ulaya waliopelekwa na watu Amerika, Australia na kwenye visiwa ambako hawakuwapo. Ngiri na nguruwe mwitu wa asili wa Afrika hawamo katika maelezo haya. Wale wako kwao na wana sheria zao. Nyayo, vinyesi, miti iliyosuguliwa tope na mistari ya mbegu iliyofukuliwa naruka. Aliyelala na hasara hiyo haitaji kufundishwa kuitambua.

Kosa ninalolikuta kila ninakokwenda ni moja: kupunguza kundi kidogokidogo kwa risasi. Watu huniambia haba na haba hujaza kibaba. Kwa nguruwe kibaba hakijai hata siku moja, maana wanakijaza wao kwa kasi kuliko unavyokipakua.

Piga hesabu. Chukua kundi la nguruwe 14: majike makubwa manne na wadogo kumi. Umeua jike mmoja na mdogo mmoja. Wamebaki 12, wakiwamo majike watatu. Mimba ya nguruwe ni siku 115 hivi, na uzao mmoja hutoa kwa kawaida vitoto vinne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Tuseme kila jike amezaa watano, na theluthi ya vitoto imekufa. Unabaki na nguruwe 22 pale palipokuwa na 14, na risasi umeshatumia. Wale wadogo wa kike nao, wakishafika miezi sita hadi minane, wanaanza kuzaa. Ndiyo maana makadirio yanayotumiwa sana husema lazima uondoe kati ya asilimia 60 na 70 ya nguruwe kila mwaka ili tu idadi isipande. Isipande, sikusema ishuke. Hakuna mtu anayefikia kiwango hicho kwa kuvizia ukingoni siku za mapumziko.

Na hesabu hiyo bado haijaingiza ubaya wenyewe. Nguruwe aliyeponea chupuchupu hasahau. Kundi huongozwa na majike wakubwa, na majike hao wakishasikia mlio wa bunduki na kumwona mwenzao akigaragara, wanabadilisha mwenendo wa kundi zima. Waliokuwa wanatoka jioni wataanza kutoka usiku wa manane. Waliokuwa wanakula chambo chako wataanza kukizunguka kwa mbali, wakinusa, kisha waondoke. Ukiwaachia mbwa ndio kabisa: kundi linasambaratika, nusu linahamia kwa jirani ambaye jana hakuwa na tatizo, na nusu linajificha kwenye kichaka ambacho huwezi kukifikia. Sasa una makundi mawili yaliyoerevuka badala ya moja lililokuwa halijui kitu.

Kuna kosa dogo ndani ya hilo kubwa, nalo ni kumwinda dume mwenye meno marefu. Picha inapendeza, sikatai. Lakini dume mmoja anatosha kupanda majike mengi, kwa hiyo ukimwondoa yule mkubwa, aliyekuwa wa pili anachukua nafasi na vitoto vinazaliwa vilevile. Kwa mtu aliyekuja kuokoa mazao, dume huyo ndiye wa mwisho kwenye orodha.

Msiniambie kwamba tatizo ni uhaba wa wawindaji. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilifungua uwindaji wa nguruwe mwaka 1999, mwaka mzima, bila kikomo cha idadi. Wakati huo nguruwe walikuwa katika kaunti 15 hivi kati ya 95. Kufikia 2011, kaunti zilizokuwa na nguruwe zilikaribia 80. Miguu yao haikuwafikisha huko kote. Walipakiwa kwenye magari na watu waliotaka kuwa na cha kuwinda karibu na nyumbani. Mwaka huo jimbo likabadili sheria, uwindaji wa kujifurahisha ukaondolewa, na kazi ikarudishwa kwa wenye mashamba na wataalamu. Jimbo la Kansas hawakusubiri hadi huko: walipiga marufuku uwindaji wa nguruwe kama mchezo mwaka 2006.

Malipo kwa kila mkia nayo yalijaribiwa, kwenye kambi ya jeshi ya Fort Benning, Georgia, mwaka 2007 hadi 2008. Dola 40 kwa mkia. Ikaletwa mikia zaidi ya elfu moja, na nguruwe hawakupungua. Wawindaji walimwaga chambo kila mahali, nguruwe wakanenepa na kuzaa vizuri, na aliyeuawa akawa yule rahisi kumpata, si yule anayezaa.

Basi bunduki iwekwe kabatini, tuje kwenye mtego. Hapa naomba vipimo vifuatwe kama vilivyo, kwa sababu nimechoka kuona mitego ya "karibu na hapo".

Mtego uwe wa duara. Ukiweka pembe, nguruwe walionaswa wanarundikana pembeni, wanapandana migongoni, na wa juu anaruka nje. Mzunguko usipungue mita 30, yaani kipenyo cha mita tisa na nusu hivi. Kasha lile dogo la chuma la kubebwa na watu wawili linafaa kwa nguruwe mmoja au wawili. Kwa kundi ni shule ya kuwafundisha kuogopa mitego. Wavu wa chuma uwe na kimo cha mita 1.5, si mita moja na kitu, na matundu yake yasizidi sentimita 10 kwa 10. Vitoto hupenya kwenye tundu la sentimita 15 kama maji. Vipande vinapokutana vipishane sentimita 30, vifungwe kwa waya imara juu, katikati na chini. Nguzo za chuma zisimame upande wa nje wa wavu, kila baada ya mita 1.2, zikiwa zimezama ardhini angalau nusu mita. Penye mchanga uzamishe zaidi. Nguzo ya ndani nguruwe akiisukuma anaing'oa pamoja na wavu. Ukingo wa chini ukae ardhini kabisa, bila pengo la kupenyeza pua, maana pua ikishapita anainua ukuta wote.

Lango liwe na upana wa mita 1.8 hadi 2.4, la kudondoka kutoka juu. Lango jembamba linaingiza vitoto na kuacha majike nje, na majike ndio unaowatafuta.

Kabla ya kusimamisha hata nguzo moja, anza na chambo peke yake. Mahindi makavu ya punje yanatosha. Mahali penye wanyama wengine wanaoyapenda, yachachushe: jaza ndoo hadi theluthi mbili, mimina maji yapande sentimita 5 hadi 10 juu ya mahindi, funika, acha juani siku kadhaa mpaka yanuke vibaya. Nguruwe harufu hiyo haiwakeri, wengine wengi inawafukuza. Mwaga saa moja au mbili kabla ya jua kuzama, kila siku wakati uleule, na mtu awe yuleyule. Msiende watano kuangalia. Funga kamera ya usiku kwenye mti, umbali wa mita nane hadi kumi, ielekee chambo.

Sasa hesabu. Sehemu hii ndiyo watu wanaipuuza, nayo ndiyo kazi yenyewe. Tazama picha mpaka uweze kusema kwa uhakika: kundi hili lina majike wanne, vijana watano, vitoto watano, mmoja ana sikio lililochanika, mwingine ana baka jeupe begani. Tumia alama za namna hiyo ili usimhesabu mmoja mara mbili au kuchanganya makundi mawili yanayopishana kwenye chambo kimoja. Andika idadi kwenye karatasi. Asubuhi viwe vimebaki viganja vichache vya mahindi. Ukikuta pameng'aa, wanyonge wa kundi hawakupata kitu, na asiyepata kitu haji tena. Ongeza.

Wakishazoea, simamisha ukuta kwa awamu, nusu duara kwanza, usiku mmoja au miwili, kisha uliobaki. Lango likae wazi, limefungwa kwa kamba lisiweze kudondoka hata kwa bahati mbaya. Chambo kielekee ndani hatua kwa hatua, na mwisho kiwe ndani tu, kwenye nusu iliyo mbali na lango. Kutoka siku ya kwanza ya chambo hadi hapa tenga siku 10 hadi 14, na wakati mwingine wiki tatu. Huna wiki tatu? Basi huna haja ya mtego, nenda kaendelee kuvizia.

Lango litashuka baada ya kundi lote, kwa idadi ile uliyoiandika, kuonekana ndani kwa siku tatu mfululizo. Kama ni 14, wawe 14. Nawajua watu waliofunga kwa 11 kwa sababu "walikuwa wengi tayari". Wale watatu walisimama nje usiku kucha wakiwasikia wenzao wakigonga wavu, na hao watatu hutawaingiza tena ndani ya uzio maisha yao yote. Aliyebaki mara nyingi ni jike mzee, mwoga kuliko wote, na ndiye mama wa wengine.

Lango bora ni lile unalolifunga mwenyewe kwa simu huku ukiangalia kamera. Usipoweza kulipata, tumia tairi kuukuu la gari: liweke mkabala na lango, upande wa mbali kabisa, mwaga mahindi chini yake na ndani yake, kisha unganisha waya kutoka tairi hadi kwenye pini ya lango. Kitoto hawezi kulibiringisha, jike anaweza. Ila usiunganishe waya huo kabla ya zile siku tatu. Waya wa kukanyagwa uliotegwa karibu na mlango ni upuuzi mtupu. Wa kwanza kuingia anawafungia wenzake nje.

Wakati wa kufanya yote haya ni pale porini pamekauka na mazao yako bado hayajakomaa. Mahindi yakishaiva shambani, mahindi ya chambo hayana mvuto wowote.

Asubuhi bunduki inatoka kabatini. Fika kunapopambazuka, mpigaji mmoja na msaidizi mmoja, bila mbwa, bila watoto, bila watazamaji wa kupiga picha. Nguruwe wakiona umati wanavamia ukuta mpaka wanaumia, na ukuta nao unaweza kusalimu amri. Anza na majike wakubwa, risasi ya kichwani, upesi, kwa utulivu. Kuwaacha mpaka jioni ni ukatili na pia ni hatari. Wala asipakiwe hata mmoja akiwa hai. Hata kama sheria ya mahali ulipo imekaa kimya, mmeona ya Tennessee.

Kuwinda kwa kweli, kwa darubini ya usiku inayoona joto la mwili au kwa mbwa, kunakuja baada ya hapo, kwa madume wanaotembea peke yao na kwa masalia. Mpangilio huo ndio uliotumika kisiwa cha Santa Cruz, California, kuanzia 2005: kisiwa kiligawanywa kwa uzio sehemu tano, mitego ikatangulia, ikafuata helikopta, mbwa wakaja mwishoni. Nguruwe zaidi ya 5,000 waliondolewa, na kufikia 2007 kisiwa kilikuwa kimesafika. Mbwa wangetangulia, hadithi ingekuwa nyingine.

Mafanikio utayajua kwa kamera kukaa kimya na udongo kutofukuliwa.

Anayechinja avae glavu, maana nguruwe hawa hubeba brusela na leptospira, vijidudu vinavyowaambukiza watu pia, na nyama ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mwenye nguruwe wa kufugwa asiingie bandani na viatu vilevile alivyotoka navyo mtegoni. Na pakisikika homa ya nguruwe ya Afrika katika eneo, hata mtego usiuguse kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo: Ubelgiji walipoikuta kwa nguruwe mwitu wao mwaka 2018, uwindaji ulisimamishwa kwanza ili kundi lisitawanye ugonjwa, uzio ukawekwa, mizoga ikakusanywa, ndipo wakaanza kuwaua. Mzoga utakaoukuta bila jeraha la risasi usiufukie wala kuuburuta. Weka alama, piga picha kwa mbali, osha viatu kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha toa taarifa siku hiyohiyo.