Somo: Namna ya kutumia "on a collision course"

Wengi wakikutana na msemo huu kwenye habari za Kiingereza hudhani ugomvi umeshatokea. Bado, ila uko njiani, na kosa hilo hubadilisha habari nzima.

Hatua ya 1. Anzia baharini, maana ndiko kwenye picha yake. Nahodha akiona meli nyingine inakuja, huipima kwa dira kujua iko upande gani. Baada ya muda hupima tena. Kipimo kikiwa kilekile na meli inazidi kusogea, kuna hatari ya kugongana. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia ajali za meli zinasema hivyo. Hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini mmoja asipopisha, watavaana.

Hatua ya 2. Sasa ilete kwa watu. Uingereza, mwanzoni mwa 1984, serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa na mpango wa kufunga migodi ya makaa ya mawe, na chama cha wachimbaji kimekataa katakata. Hapo unaandika: "The government and the miners were on a collision course." Machi mgomo ukaanza, ukadumu karibu mwaka mzima. Ukiusema msemo huu kuhusu Juni ya mwaka huo umechelewa, kwani walikuwa wameshashikana.

Hatua ya 3. Sarufi ni fupi. Ukianza na upande mmoja, ongeza "with": "She is on a collision course with her boss." Usiandike "in" badala ya "on". Chanzo cha mvutano huja na "set": "The new tax set them on a collision course."

Maswali ya wanachama

Swali: Mume na mke walionuniana, inafaa?
Jibu: Kununa tu hakutoshi. Mume kashapokea malipo ya awali ya kiwanja, mke kaapa hakiuzwi: hapo inafaa kabisa.

Swali: Ina tofauti gani na "at loggerheads"?
Jibu: Hao wameshafarakana, kila mtu kashika lake. Wanaweza kukaa hivyo miaka bila kupigana.

Swali: Hutumika kwa vitu pia?
Jibu: Ndiyo, kwa maana yake halisi. Septemba 2022 chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi kimwamba cha angani, Dimorphos. Kabla ya hapo ungeandika: "DART is on a collision course with Dimorphos."