Namna ya Kumfuatilia Ndege Adimu wa Amani Kutoka Shambani Kwako

Mkulima wa milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ambaye shamba lake la iliki au karafuu limepakana na msitu wa Amani huenda ana jirani ambaye, nje ya milima hiyo, anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Ni ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu mwembamba, aitwaye kisayansi Artisornis moreaui, ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1931.

Ndege huyu huishi katika mimea itambaayo iliyosongamana kingoni mwa msitu na pale mti mkubwa ulipoanguka, yaani mahali hasa ambapo mkulima mwenye bidii hupafyeka ili shamba lionekane safi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuacha ukanda wa hatua kama kumi bila kuufyeka wala kuuchoma. Mmea ukiusonga mkarafuu wako, ukate kwenye shina la mkarafuu huo peke yake; na ukilazimika kupunguza kichaka, punguza kipande kimoja kwa msimu, kingine kibaki.

Kuhesabu hutegemea masikio zaidi kuliko macho, kwa sababu ndege huyu hujificha sana. Chagua vituo vitatu au vinne vilivyoachana mita 200 hivi, uviwekee alama ya kudumu, kisha uvitembelee kila mwezi kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi. Kaa kimya dakika 10 katika kila kituo, ukisikiliza mlio wake. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, idadi, na kama ulimwona au ulimsikia tu. Usiposikia kitu, andika sifuri. Wengi huona haya kuiandika, ilhali bila sifuri hizo daftari halionyeshi ndege wametoweka wapi.

Usimwite kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, maana huacha shughuli zake akidhani amevamiwa. Ukigundua kiota, ondoka bila kufungua njia kuelekea hapo, na watoto wenye manati wasielekezwe.

Kila baada ya miezi mitatu peleka nakala kwa kamati ya mazingira ya kijiji na ofisi ya hifadhi, ukieleza pia kipande chochote cha ukingo kilichokatwa au kuungua katika kipindi hicho.