Kabla ya mbegu, jaza shimo maji

Unaanzisha bustani nyumbani? Mbegu zisubiri kwanza. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 hivi, lijaze maji, yaache yanywee yote, kisha lijaze tena uangalie saa. Yakishuka sentimita 3 hadi 7 kwa saa, hapo pazuri. Yakituama mpaka kesho yake, inua matuta, la sivyo mizizi itaoza.

Udongo nao usiulime ukiwa tope. Finyanga donge kiganjani, ulisukume kwa kidole: likimeguka, shika jembe, likibonyea tu kama unga uliokandwa, ngoja siku chache. Ukilazimisha utapata mabonge magumu yasiyopitisha hata mzizi.

Tuta lisizidi upana wa sentimita 120, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Samadi iwe imeoza kabisa: nyeusi, haina joto, inanukia udongo. Mbichi huunguza miche (na huleta magugu kibao).

Miche ihamishe jioni, jua likipoa. Ya nyanya ifukie shina hadi karibu na majani ya chini. Sehemu hiyo itatoa mizizi mipya.