Namna ya kutunza kitovu cha mtoto mchanga nyumbani, hatua kwa hatua

Mtoto anapotoka wodini huwa amebaki na kipande cha kitovu chenye urefu wa sentimita 2 au 3, kilichobanwa kwa klipu ya plastiki au kufungwa kwa uzi, na kazi pekee iliyobaki kwa kipande hicho ni kukauka na kudondoka. Ndani yake kuna mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja, ambayo wakati wa ujauzito ilimuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Kitovu kikishakatwa mishipa hiyo husinyaa, lakini haizibi kabisa siku hiyo hiyo. Kwa siku kadhaa inabaki kuwa njia inayoelekea ndani, hadi kwenye ini na kwenye mkondo wa damu, na vijidudu vikipata unyevu wa kuzaliana hupita humo. Maelekezo yote yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo: kitovu kiwe kikavu, kiwe safi, na kisipakwe kitu chochote.

Mimi ni mkunga katika mkoa wa Dodoma. Mama aliyejifungulia kituoni huyaelewa maelekezo haya kwa dakika chache, wala hayahitaji vifaa vya kununua. Ugumu huanza akifika nyumbani, ambako wapo watu wengi wanaompenda mtoto na kila mmoja ana dawa yake. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haihusu mikono wala maji.

Hatua ya 1: Zungumzeni na bibi kabla ya kutoka kituoni

Katika familia nyingi za huku kwetu, anayemwogesha mtoto siku za mwanzo ni bibi yake, yaani mama wa mzazi au mama mkwe. Si rahisi kwa binti aliyejifungua mara ya kwanza kumwambia mama mkwe wake kwamba majivu aliyopakwa mumewe utotoni hayafai tena. Mzazi akiachiwa kazi hiyo peke yake atanyamaza, na kitovu kitapakwa. Ninachoshauri ni kwamba bibi aingie wodini siku ya kuruhusiwa, asalimiwe kwa heshima yake, aonyeshwe kitovu chenyewe kwa macho, kisha aombwe yeye kuwa mlinzi wake: “Bibi, shikamoo. Kitovu hiki tunakukabidhi wewe. Mtu yeyote asikipake kitu mpaka kidondoke.” Mtu aliyekabidhiwa ulinzi hulinda, na mimi sijaona njia nyingine inayofanya kazi kuliko hiyo.

Vitu vinavyopakwa ni vingi: majivu, samli, mafuta ya alizeti, poda, mafuta ya mgando, maziwa ya mama, mate, unga wa mizizi, na mahali pengine hata samadi ya ng'ombe. Sababu zinazotolewa ni mbili, kwamba kitovu kikauke upesi na kwamba mtoto asiumie. Kuhusu maumivu, kipande kile hakina mishipa ya fahamu na mtoto hasikii chochote kikiguswa. Kuhusu kukauka, mafuta na samli hufanya kinyume chake, kwa kuwa hukilainisha na kukifungia unyevu. Majivu yanaonekana safi kwa sababu yametoka motoni, lakini yakishalala juu ya sakafu ya udongo, katika uwanja wanamopita mbuzi na kuku, yamekwisha kuchanganyika na udongo huo.

Na udongo ndiko anakokaa mdudu wa pepopunda. Mbegu zake hudumu ardhini na katika kinyesi cha wanyama kwa miaka, zikistahimili jua na ukame. Zikiingia kwenye kitovu kibichi hutoa sumu inayokaza misuli: mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo anashindwa kufungua kinywa, kisha mwili wote unakakamaa kila anapoguswa au kusikia kishindo. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Maana yake si kwamba mdudu ametoweka. Yumo ardhini kama zamani, na kinachomzuia ni chanjo ya mjamzito pamoja na usafi wa kukata na kutunza kitovu. Mwenye mimba ya kwanza ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi mbili zinazopishana wiki 4 au zaidi, na ya pili itangulie kujifungua kwa wiki 2 angalau, ili kinga imfikie mtoto kabla hajazaliwa.

Spiriti nayo haihitajiki, ingawa zamani ilitolewa hata na sisi wahudumu. Ipo dawa moja tu yenye nafasi yake, nayo ni klorheksidini ya kitovu. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linaelekeza kitovu kiachwe kikavu na safi, na klorheksidini ipakwe kila siku katika wiki ya kwanza pale tu ambapo desturi ya kupaka vitu vyenye madhara imeenea. Ukipewa dawa hiyo na mhudumu, itumie kama alivyokueleza na uiweke mbali na dawa za macho, kwa maana wako watoto waliopofuka barani Afrika kwa kutiwa machoni dawa hiyo ya kitovu.

Hatua ya 2: Nawa mikono

Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kugusa kitovu na kila baada ya kubadilisha nepi. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kilichofungwa mlangoni pa choo kinatosha, na maji yake hayaishi upesi, jambo ambalo si dogo katika vijiji vinavyonunua maji kwa dumu. Wageni wanaokuja kumwona mtoto hawana haja ya kukigusa kitovu, hata kama wamenawa.

Hatua ya 3: Kitazame kila siku kwenye mwanga

Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo, kwa hiyo msogeze mtoto karibu na mlango mchana na ukitazame kitovu mahali kinapokutana na tumbo, maana shina ndipo habari ilipo kuliko ncha. Siku ya kwanza kipande ni cheupe chenye ubuluu, kinang'aa, na kina majimaji. Baadaye huwa cha manjano ya kahawia, kisha cheusi na kigumu. Ute kidogo wa manjano kwenye shina na harufu hafifu siku chache kabla ya kudondoka ni mambo ya kawaida.

Siku ya kwanza tazama pia damu. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu mwilini, chini ya chupa moja ya soda, kwa hiyo kitambaa kilicholowa ambacho kwa mtu mzima si kitu, kwake ni hatari. Kitovu kinapovuja damu, kibane kwa vidole juu ya kitambaa safi, kifunge tena kwa uzi safi kati ya klipu na tumbo, kisha mpeleke kituoni mara moja.

Aliyejifungulia nyumbani au njiani kabla ya kufika kituoni anapaswa kupelekwa siku hiyo hiyo, hata kama mama na mtoto wanaonekana wazima, ili kitovu kikaguliwe, mtoto achomwe sindano ya vitamini K inayosaidia damu kuganda, na mama achunguzwe.

Hatua ya 4: Mvishe nepi chini ya kitovu

Kunja ukingo wa juu wa nepi au pampasi ushuke chini ya kitovu, ili kipate hewa na mkojo usikifikie. Kwa mtoto wa kiume, elekeza uume chini kabla ya kufunga, la sivyo kila akikojoa kitovu kinaloa. Usimfunge tumboni mkanda wa khanga, wala plasta, wala sarafu.

Dodoma ina upepo na vumbi wakati wa kiangazi, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali kwa mtoto mchanga, ndiyo maana watu humfunga kwa nguo nyingi nzito. Fulana moja laini ya pamba juu ya kitovu inatosha kuzuia vumbi, na joto lililobaki alipate kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa pamoja. Nepi za kitambaa zianikwe juani kwenye kamba, si juu ya ua wa miiba wala chini, na zipigwe pasi ikiwezekana. Kila ninapoona nepi iliyoanikwa juu ya boma la ng'ombe huwa naitoa bila kuomba ruhusa.

Hatua ya 5: Mwogeshe bila kumtumbukiza

Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo, mpaka kitovu kidondoke, mfute mwili kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu badala ya kumweka ndani ya beseni. Kitovu kikipata maji si msiba; kikaushe taratibu kwa kitambaa safi na ukiache wazi kwa muda.

Kikipata mkojo au kinyesi, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, si yale yaliyokaa siku kadhaa kwenye ndoo. Futa kuanzia kwenye shina kuelekea nje kwa kitambaa safi, badilisha upande wa kitambaa kila unapofuta, kisha kausha. Kama kitovu ni safi na kikavu, usikifute kabisa.

Hatua ya 6: Subiri kidondoke chenyewe

Vitovu vingi hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Hata kikibaki kinaning'inia kwa uzi mwembamba, usikivute, usikizungushe, wala usikikate, kwa kuwa mahali pale bado pana mishipa inayoweza kutoa damu. Klipu itaondoka pamoja nacho. Matone machache ya damu siku ya kudondoka hayana neno. Kikipita wiki 3 kabla ya kudondoka, mtoto aonwe kituoni.

Haraka ya kukidondosha mara nyingi inatokana na hofu kwamba kikimwangukia mtoto sehemu za siri, hasa wa kiume, atakuja kuwa hanithi au mgumba. Hofu hii nimeikuta kwa wasomi na kwa wasiosoma, na kuicheka hakusaidii. Kipande kilichodondoka ni nyama iliyokufa ambayo haina njia ya kuathiri viungo vya uzazi. Hata hivyo, mwenye wasiwasi atatulizwa na nepi iliyokunjwa vizuri chini ya kitovu, jambo ambalo tulishalitaka katika hatua ya 4. Wanaotaka kukizika na wakizike. Hilo halina madhara kwa mtoto.

Hatua ya 7: Jua lini uache kusubiri

Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi, na mama anayeusubiri atachelewa. Tazama kama ngozi inayozunguka kitovu imevimba, inang'aa na kukazana, imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, ina moto kuliko sehemu nyingine za tumbo, na kama mtoto analia ukiigusa. Usaha na harufu kali ya uozo havihitaji maelezo.

Dalili nyingine huonekana mwilini mzima: mtoto hanyonyi au amelegea kwenye titi, ni mgumu kuamka, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, amepata degedege, tumbo limejaa, au joto lake limefika nyuzi 37.5 na zaidi. Mtoto mchanga aliyepoa, chini ya nyuzi 35.5, ni mgonjwa vilevile, na huyu ndiye anayesahaulika kwa sababu watu wamezoea kuogopa homa peke yake.

Moja tu ya dalili hizi inatosha kuondoka nyumbani saa hiyo, hata usiku. Usipitie duka la dawa kununua vidonge vya kusaga, kwa kuwa maambukizi ya kitovu yaliyosambaa hutibiwa kwa sindano, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, na saa chache zinaweza kubadilisha matokeo. Njiani mweke kifuani apate joto na uendelee kumnyonyesha kama anaweza.

Hatua ya 8: Baada ya kudondoka

Kidonda kidogo kinachobaki hutoa majimaji kidogo na hupona kwa siku chache bila dawa, kikiwekwa kikavu kama mwanzo. Hudhurio la siku ya 7 ndilo linalofaa kukikagua, hata kama mtoto hana tatizo, na mengine ni siku ya 28 na ya 42. Ukiona kinyama laini chekundu kinachoendelea kutoa maji baada ya wiki moja au mbili, mpeleke kituoni; hutibiwa kwa urahisi na si cha kukatwa nyumbani. Majimaji mengi yanayofanana na mkojo au kinyesi yakitoka kitovuni yanahitaji daktari.

Watoto wengi huku kwetu pia huota ngiri ya kitovu, uvimbe unaotokeza mtoto akilia na kurudi akitulia. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya umri wa miaka 4 au 5, na sarafu inayofungwa juu yake haiharakishi chochote bali huchubua ngozi. Uvimbe ukiwa mgumu, ukabadilika rangi, au ukakataa kurudi huku mtoto akitapika na kulia mfululizo, utumbo unaweza kuwa umenaswa, na mahali pake ni hospitali yenye huduma ya upasuaji siku hiyo hiyo.