Namna ya Kuchagua Raketi ya Mpira wa Vinyoya Inayolingana na Uchezaji Wako

Mtu anapoamua kununua raketi nzuri ya mpira wa vinyoya (badminton), swali la kwanza analouliza huwa ni la jina: bingwa fulani anatumia ipi? Swali hilo linaeleweka, lakini halimfai mnunuzi, kwa kuwa raketi ya bingwa imetengenezwa kwa ajili ya mkono unaofanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, na sifa zilezile zinazomsaidia bingwa ndizo zinazoweza kumchosha, na hata kumwumiza, mchezaji anayefika ukumbini mara mbili kwa wiki. Raketi yangu ya kwanza ya bei kubwa niliichagua kwa kumtazama Viktor Axelsen wa Denmark, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, ambaye ana urefu wa sentimita 194 na alikuwa akitumia Astrox 100 ZZ, raketi nzito kichwani na ngumu mno. Baada ya miezi mitatu bega langu la kulia lilikuwa likiuma hata wakati wa kuvaa shati, na vinyoya nilivyovipiga, yaani mipira yenyewe ya mchezo huu, vilikuwa bado vinaangukia katikati ya uwanja wa mpinzani badala ya kufika mwisho.

Basi anza na mkono wako, na mahali unaposimama uwanjani. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa nyuma ya uwanja katika michezo miwili au mitatu ya kawaida, kisha itazame picha hiyo ukiwa mtulivu. Angalia pointi zako unazipataje: kwa smashi, yaani mpigo mkali wa kushuka chini, kutoka nyuma, kwa mipigo ya haraka iliyonyooka karibu na wavu, au kwa kumkimbiza mpinzani huku na huku mpaka akosee. Angalia pia pointi unazozipoteza, kwa kuwa raketi huchaguliwa kwa ajili ya udhaifu kama inavyochaguliwa kwa ajili ya nguvu. Mchezaji ambaye kila anapopigiwa smashi mwilini huchelewa kuinua raketi hana haja ya kichwa kizito zaidi, hata kama anapenda sana kushambulia. Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni kasi ya mkono wenyewe: je, mpigo wako hufyatuka kwa ghafla kutoka kwenye kiganja na mkono wa mbele, au unasukuma kwa bega zima kwa mwendo wa taratibu?

Ukishayajua hayo, alama zilizochapwa kwenye raketi zitaanza kuwa na maana. Uzito huandikwa kwa namba na herufi U, na namba inapopanda uzito hushuka. Katika vipimo vya Yonex, kampuni ya Japani inayotengeneza raketi, 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84, na 5U ni gramu 75 hadi 79, kabla ya kufungwa nyuzi. Kwa mtu mzima anayeanza, au anayecheza kwa afya na furaha, 4U ndiyo ninayoipendekeza karibu kila mara. Anayecheza zaidi wawili wawili na kusimama mbele anaweza kushuka hadi 5U, na mwenye mkono wenye nguvu anayecheza mmoja mmoja anaweza kujaribu 3U, ingawa tofauti ya gramu tano, inayoonekana ndogo dukani, huhisiwa wazi katika seti ya tatu.

Hata hivyo uzito wa jumla hausemi mengi mpaka ujue umekaa wapi. Raketi mbili za gramu 83 zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi, moja ikivuta kuelekea kichwani na nyingine ikitulia kwenye mpini. Njia rahisi ya kupima ni kuilaza raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie bila kuinama upande wowote, kisha kupima umbali kutoka mwisho wa mpini hadi kwenye kidole hicho. Kwa makadirio yanayotumiwa na wengi, ikiwa umbali huo unazidi milimita 295, raketi ni nzito kichwani. Ikiwa uko chini ya milimita 285, ni nyepesi kichwani. Na iliyo katikati ya vipimo hivyo ina mizani sawa. Nyuzi huongeza uzito kichwani, na kitambaa cha mpini huongeza uzito chini, kwa hiyo linganisha raketi zilizo katika hali moja.

Kichwa kizito huendelea na mwendo wake kikishaanza kusogea, na ndiyo maana smashi na mipigo ya kutoka nyuma hadi nyuma huwa na uzito bila mkono kujitahidi sana. Gharama yake hulipwa katika ulinzi, kwa kuwa kichwa hichohicho ni kigumu kukisimamisha na kukigeuza. Lakini usiseme moja kwa moja kwamba kichwa kizito ndicho nguvu na kichwa chepesi ndicho udhaifu. Smashi ya kilomita 565 kwa saa ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, iliyopimwa Japani mwezi Aprili 2023 na kuingizwa katika rekodi za Guinness, ilipigwa kwa Nanoflare 1000 Z, raketi nyepesi kichwani. Kasi ya kinyoya hutoka katika kasi ya kichwa cha raketi wakati wa kugusa, na mkono ulio mwepesi wa kufyatuka unaweza kukipeleka kichwa chepesi kwa kasi ambayo hauwezi kuifikia kwa kichwa kizito. Kichwa kizito humsaidia zaidi mwenye mpigo mpana, wa taratibu na uliokamilika.

Katika mchezo wa wawili wawili jambo hili huonekana waziwazi, kwa sababu kazi hugawanywa. Yonex walitengeneza raketi mbili za jina moja, Astrox 88D kwa anayetawala nyuma na Astrox 88S kwa anayecheza mbele, na jozi ya Indonesia ya Marcus Fernaldi Gideon na Kevin Sanjaya Sukamuljo ilizitumia hivyo: Marcus akishambulia kutoka nyuma kwa 88D, Kevin akikata vinyoya karibu na wavu kwa 88S. Ikiwa wewe na mwenzako mmezoeana kiasi kwamba kila mmoja ana eneo lake, fuateni mfano huo. Lakini katika kumbi nyingi zetu wenza hubadilishwa kila mchezo, na unaweza kujikuta mbele dakika moja na nyuma dakika inayofuata. Hapo mizani sawa ndiyo chaguo la busara. Kwa anayecheza mmoja mmoja, mizani sawa au uzito kidogo kichwani humsaidia kufikisha kinyoya nyuma hata anapokuwa amechoka.

Kati ya kichwa na mpini kuna mrija mwembamba ambao wachezaji huuita shafti, na ugumu wake una umuhimu sawa na wa mizani. Unapopiga, shafti hujipinda nyuma kidogo kisha hurudi mbele, na marejeo hayo yakilingana na wakati wa kugusa kinyoya, hukuongezea kasi. Mkono wa taratibu hauwezi kuipinda shafti ngumu, kwa hiyo haupati msaada wowote na mshtuko wote hurudi kwenye kiwiko na bega, jambo lililonipata mimi. Mkono wa kasi nao ukipewa shafti laini huona kichwa kimechelewa, na kinyoya hupotoka njia iliyokusudiwa. Kipimo changu ni hiki: ikiwa ukiwa umesimama kwenye mstari wa nyuma bado huwezi kukipeleka kinyoya hadi mstari wa nyuma wa upande wa pili mara nyingi mfululizo bila kukunja uso, chukua shafti laini au ya wastani. Usione haya kuichagua, na usikubali muuzaji akuambie kwamba ni ya watoto.

Sasa nifike kwenye nyuzi, ambazo kwa maoni yangu hubadilisha mchezo wa mtu wa kawaida kuliko raketi yenyewe. Mkazo wa nyuzi hupimwa kwa pauni. Nyuzi zilizolegea kiasi, pauni 20 hadi 23, hukirusha kinyoya kwa mnyumbuko wao na husamehe mpigo usiogusa katikati. Nyuzi zilizokazwa hupunguza msaada huo, lakini humpa mwenye ufundi uwezo wa kukiweka kinyoya anapotaka. Mchezaji wa kati hutosheka na pauni 24 hadi 26. Wachezaji wakubwa hufika pauni 30 na zaidi, na wanaoanza huwaiga, kisha hushangaa kwa nini vinyoya vyao haviendi mbali. Kila raketi huandikwa kikomo cha mkazo karibu na mpini au kwenye shafti, na kukivuka ni kualika fremu ivunjike.

Unene wa uzi nao uzingatiwe. BG65, uzi wa Yonex wenye unene wa milimita 0.70, hudumu, nami humshauri yeyote anayekaa mbali na fundi wa kufunga nyuzi aitumie. BG80 ya milimita 0.68 huwafaa wanaoshambulia, na BG66 Ultimax ya milimita 0.65 ina mrejesho mkali lakini hukatika upesi. Raketi nyingi huuzwa zikiwa na nyuzi za kiwandani ambazo hazina ubora unaolingana na fremu, kwa hiyo ni afadhali kununua fremu ya bei ya kati na kumlipa fundi mzuri, kuliko kumaliza fedha zote kwenye fremu na kuiacha na nyuzi hizo.

Hapa nahitaji kuongeza neno kuhusu mahali unapochezea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hukifanya kinyoya kiruke mbali kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Kabla hujaibadilisha raketi kwa sababu vinyoya vinatoka nje, au havifiki, kagua kasi ya vinyoya vyenyewe. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu. Kinyoya cha kasi inayofaa kinapaswa kuanguka kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kwenye makopo ya vinyoya vya manyoya halisi, namba ndogo kama 76 ni ya taratibu kuliko 78, na miji ya milimani huhitaji namba ndogo.

Mpini hauhitaji maelezo mengi. Katika vipimo vya Yonex, G5 ni mwembamba kuliko G4, na wengi huchagua mwembamba kwa kuwa unaweza kuunenepesha kwa kitambaa lakini huwezi kuupunguza. Kwenye joto la pwani, ambako kiganja hulowa kabla ya mchezo wa kwanza kuisha, kitambaa cha taulo hushika vizuri kuliko cha plastiki, mradi kibadilishwe mara kwa mara.

Dukani, tazama mahali kichwa kinapoungana na shafti. Ukiona kiungo kilichopachikwa chenye umbo la T, na fremu ikiwa ya alumini, hiyo ni raketi ya kuchezea uani, na haistahili mkazo mkubwa. Raketi ya kaboni iliyotengenezwa kwa kipande kimoja haina kiungo hicho. Pitisha kidole kwenye fremu yote ukitafuta ufa, hakikisha matundu ya nyuzi yana viplastiki vyake vyote, na linganisha alama za uzito na mpini zilizochapwa karibu na mpini na zile anazozitaja muuzaji. Raketi ya jina kubwa inayouzwa kwa robo ya bei yake ya kawaida ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya bandia.

Ukiweza, azima raketi ya mwenzako inayofanana na unayoikusudia na uichezee kwa saa nzima, kwa kuwa dakika kumi za kwanza hudanganya: kila raketi mpya huonekana nyepesi. Jaribu smashi ukiwa umechoka, jaribu kujilinda dhidi ya smashi ya mwilini, na upige bekihendi, yaani mpigo wa mgongo wa mkono, kutoka kona ya nyuma. Asubuhi inayofuata, kabla ya kwenda kulipa, sikiliza kiwiko na bega.